Mgongo wa Mutie

Jumatatu, 2 Juni
Hatimaye kazi ya maana! Madam Amida, mwenye ofisi yetu ya upelelezi hapa Ruiru, amenikabidhi Mutie wa mtaa wa Landless, kule Thika. Aliangukiwa na magunia kazini, anadai bima imlipe kwa kuumia mgongo. Bima haimwamini. Wala mimi. Nimvizie hadi anyanyue kitu kizito, nimpige picha. Nikiharibu, narudi kupokea simu.

Jumanne, 3 Juni
Nimesimama mkabala na nyumba yake, nikijifanya naongea na simu. Mutie akatoka ameshika kiuno, akatembea kama kinyonga, akarudi. Mwigizaji hodari! Mara Madam akanipigia, simu ikalia sikioni mwangu. Mke wa Mutie, Mwelu, akavuka barabara na kikombe. "Pole, kaka. Kuongea tangu asubuhi, lazima koo limekauka." Chai nimekunywa. Kukataa kungezua shaka.

Jumatano, 4 Juni
Mwenzangu Mahir alimnasa mtu wake siku ya kwanza. Bahati tu. Leo nimeweka mtego: mtungi wa gesi, umejaa, mlangoni pa Mutie. Nikamwomba anisaidie kuubeba. Akaomba radhi, mgongo haumruhusu. Mwelu akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaufunga kwenye bodaboda, akaniambia nipande. Nikapanda. Nimefika hadi Ruiru.

Alhamisi, 5 Juni
Nilipanda mwavokado wa jirani. Nikaona kila kitu! Mutie ameketi. Bado ameketi. Tawi likakatika.
Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Mwelu alikuwa sokoni, njia tupu. Mutie akaja, ameshika kiuno. Nikamwambia aniache. Akasema, "Nikuache mbwa wa hapa wakumalize?" Akanibeba mgongoni! Ushahidi! Nikapiga picha nikiwa hukohuko juu. Langoni pa kliniki akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa binadamu, tukaanguka wote wawili.

Ijumaa, 6 Juni
Vitanda vyetu vimepakana. Mimi nina plasta mguuni, yeye hawezi kugeuka. Daktari Dianah alituonyesha picha ya eksirei ya uti wa mgongo wa Mutie. Hata mimi niliona mfupa umehama. Anasema jeraha ni la zamani, Mutie hakupaswa kubeba hata ndoo. Bima imekubali kulipa. Picha zangu zinaonyesha sikio lake moja tu. Madam ameagiza Jumatatu nikae kwenye simu.
Nilimuuliza Mutie kwa nini alinibeba akijua hali yake. Akauliza, "Sasa ningefanyaje?" Mwelu ametuletea uji sisi wote. Wangu niliunywa nikitazama ukuta.

Jumamosi, 7 Juni
Nimewaza. Mutie anagumia kwa maumivu hata usingizini. Hayo ni mazoezi. Na yule daktari, ile picha aliipata vipi upesi hivyo? Wako pamoja!
Nimeanza kumfuatilia. Asubuhi nilijificha nyuma ya pazia, pumzi nimebana. Daktari akaingia, akasema, "Habari ya asubuhi, Bwana Ouma," akaniomba nivute mguu ndani asije akaukanyaga.
Ameanza kuogopa.