Kijani cha Tango

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mke wangu kasema ukuta wa bafu unatia aibu: rangi imebanduka, ukungu mweusi kila pembe. Anataka kumwita kaka yake, fundi rangi. Nikaruka! Shemeji huyo aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama brashi naishika upande wa nywele. Nimeapa kuupaka mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Muuzaji akanipa somo refu: kwaruza ukungu wote, osha kwa dawa, acha pakauke, kisha paka rangi ya mafuta, isiyoogopa maji wala mvuke. Nikaitaka. Kumbe ipo nyeupe na ya maziwa tu. Basi! Nyuma yake nikaona kopo la kijani cha tango. Rangi ya kifalme! Akaniuliza ya chumba gani, maana hiyo ni ya sebuleni, bafuni haikai. Nikasema sebuleni. Nimemdanganya muuza rangi bila kupepesa macho.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemaliza! Kukwaruza nimekuruka; ukungu ukifunikwa nani atauona? Mke wangu akasimama mlangoni, akasema panapendeza. Akauliza kama ndiyo rangi aliyoelekeza muuzaji. Nikajibu kwamba muuzaji alieleza vizuri sana. Si uongo.

Ijumaa, 8 Machi
Vidoa vyeusi vimechungulia juu ya dirisha. Nimetundika taulo. Nimetangaza kwamba kuanzia leo tunaoga maji baridi, haraka haraka, kwa ajili ya afya.

Jumamosi, 9 Machi
Siku ya kiama! Mama mkwe kafika asubuhi, shemeji kambebea mizigo. Mke wangu akatoka kwenda sokoni. Mama akaomba maji ya moto. Ndoo mbili! Ningemkatalia vipi mama mkwe maji ya kuoga?

Nikasimama ukumbini, jasho linanitoka. Kisha ukelele.

Akatoka kajifunga kanga, mkono mzima kijani hadi kwenye kiwiko. Nikatafuta pa kujificha. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa huruma.

“Mkwe wangu, nisamehe,” akasema. “Nimeegemea kidogo tu niokote sabuni, ukuta wote ukanifuata. Nimekuharibia kazi yako. Tafadhali usimwambie binti yangu. Kila siku ananigombeza kwamba naoga maji ya kuchemka.”

Nikamsamehe. Nina moyo mpana.

Shemeji akaingia bafuni, akasugua ukuta kwa kidole kimoja, akakinusa. Akajua. Akanivuta pembeni.

“Shemeji, hii ni ya sebuleni.”

Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mgonjwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hatanichoma kwa dada yake, ila kesho nitakwaruza mimi, kuta zote nne.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwaruza tangu asubuhi. Ukungu hadi puani. Shemeji kaketi juu ya ndoo, ananielekeza kwa kijiti. Tumeosha kwa dawa. Mke wangu kaambiwa kwamba mama anapenda rangi ya maziwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, bila kunitazama.

Jumatano, 13 Machi
Jana, ukuta ulipokauka, shemeji akapaka rangi ya mafuta. Leo mama kaoga maji ya moto kwa muda mrefu, akiimba. Nikaupapasa ukuta baada yake: mkavu, mgumu, haubanduki. Nimeshusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mke wangu kasema nimekua, nimekubali msaada. Shemeji kakohoa tu. Nampenda shemeji yangu!

Alhamisi, 14 Machi
Bomba la jikoni linavuja. Mke wangu akachukua simu amwite fundi bomba. Nikamwambia aiweke chini. Fundi wa nini? Nikaenda dukani, muuzaji akaniuliza kama nimeshafunga maji kule nje kwenye mita. Watu hawa na maswali yao! Nimechagua spana yenye mpini mwekundu. Inapendeza mno. Naanza sasa hivi, kabla mama hajamaliza kupika.