Masaa ya Guangzhou

Jumatatu, 8 Septemba. Katoro.
Mama Hosiana, bosi wetu, yuko Guangzhou, China, kununua karasha la pili la kusaga mawe ya dhahabu. Karasha jipya, msimamizi mpya. Nani kama mimi, Amosi, niliyekula vumbi la karasha la kwanza miaka sita? Lakini Donatus, karani wake, naye anautaka usimamizi. Kalamu mbili mfukoni, basi ajiona waziri! Kaniuliza kama najua Mama anatua lini. Nikasema najua. Sikujua.

Jumatano, 10 Septemba.
Sasa najua! Hosiana kasema mama yake aliondoka Dar saa mbili usiku, akatua kule saa tano asubuhi. Masaa kumi na tano. Ijumaa anaondoka huko saa saba mchana. Jumlisha kumi na tano: Dar saa kumi alfajiri. Apumzike, apande ndege ya Mwanza, atue Jumamosi saa sita mchana. Nitampokea kwa kwaya!
Donatus kapinga. Eti ni kilomita karibu elfu nane na mia saba, ndege huenda masaa kama kumi, na saa za China ziko mbele yetu kwa masaa matano. Mbele wapi? Jua si ni moja? Na hayo matano mengine rubani alikuwa wapi, Runzewe anakula ugali? Watu wakacheka. Walimcheka yeye, bila shaka.

Jumamosi, 13 Septemba. Mwanza.
 Waimbaji kumi na wawili, sare za njano, Noah mbili. Tumeimba mbele ya kila abiria aliyetoka. Padri mmoja akatubariki. Mama hayupo. Saa nane mlinzi akauliza tunamsubiri nani. Akasema mama mwenye maboksi mengi alitua saa mbili asubuhi, akachukuliwa na kijana mwenye kalamu mbili.
Nikapiga simu. Shikamoo haijaisha, Mama akafoka: “Amosi, nimetua Dar jana saa kumi na mbili na nusu jioni, nikalala huko. Si ungeniuliza tu?”
Kuuliza! Mimi!
Kwaya imegoma kupanda gari bila kula. Aneth, kiongozi wao, ananiita Baba Kumi na Tano.

Jumatatu, 15 Septemba. Katoro.
Donatus ndiye msimamizi. Kaniita kunifafanulia saa za dunia. Kwa upole! Bora angenipiga kofi. Nimetoka, nimepiga teke ndoo, kidole kimevimba. Kisha nikapiga hesabu mwenyewe. Saa saba mchana mpaka kumi na mbili na nusu: masaa matano na nusu. Kwenda yalikuwa kumi na tano. Ahaa!

Jumanne, 16 Septemba.
Ghati, muuza dagaa wa Nkome, anasafiri kwenda Dubai. Kauliza ni masaa mangapi. Donatus akafungua mdomo, nikamuwahi. Kwenda tisa, nikamwambia, kurudi matatu. Kashangaa, kauliza kwa nini. Wajinga wengi hawalijui hili: kurudi ni mteremko.