Hita ya Gesi kwa Ajili ya Atieno

Jumanne, 15 Julai 2025
Atieno yuko nyumbani! Asante Mungu! Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hata nepi inamshinda. Nesi ameturuhusu kwa sharti moja: asipate baridi. Sheryl, mke wangu, amemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, na hajalala vizuri tangu hospitali. Namwonea huruma. Mvua nayo haina adabu. Nimepata wazo. Hita ya gesi! Atieno apate joto, Sheryl apate usingizi, mimi nipate sifa.

Jumatano, 16 Julai
Dukani wamecheka. Muuzaji aliuliza kama nahamia Kericho, maana Kisumu watu hutafuta feni. Alikuwa nazo mbili, vumbi tupu. Moja haina bomba. Hiyo akasema ni hatari chumbani kwa mtoto. Nyingine ina bomba la kutoa hewa chafu nje ya nyumba. Nikachagua yenye bomba. Mtu mwenye akili!

Mama mkwe amefika kutoka Asembo Bay kusaidia. Kwa mila hawezi kulala kwa mkwewe, kwa hiyo majirani zetu, Masinde na mkewe Nabututu, wamempa chumba. Nyumba zetu zimeshikana ukuta. Nashukuru, ingawa Masinde atalitangaza hadi Sondu.

Alhamisi, 17 Julai
Ukuta wa nje ni mawe. Drili imekataa. Ukuta wa upande wa Masinde ni laini kama ugali, na kule najua ni stoo yake ya magunia. Bomba lipumulie magunia, nani ataumia? Nikatoboa. Ukelele! Nikachungulia tundu. Jicho la mama mkwe! Stoo ndiyo chumba walichompa! Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 18 Julai
Balaa. Masinde anasema, tena kwa sauti ya mahubiri, kwamba tundu limeunganisha nyumba, kwa hiyo mama mkwe amelala kwangu. Mama mkwe hakucheka. Alifunga mkoba arudi Asembo. Sheryl akalia, amechoka, na hana mwingine wa kumpokea mtoto. Nikaenda kumwangukia miguuni Masinde, huyo huyo niliyemnunia tangu Krismasi. Akaleta saruji, akaziba tundu mwenyewe, akapiga plasta pande zote. Kisha akamtangazia mama kwamba nyumba ni mbili tena. Mama akafungua mkoba. Ubarikiwe, Masinde! (Imeniuma kuandika.)

Halafu mama akasimama mlangoni, amenipa mgongo kwa heshima, akasema, "Sheryl, uliza baba ya mtoto kama yeye hana kifua. Atoe shati."

Jumapili, 20 Julai
Atieno amelala kifuani pangu. Anapumua taratibu. Joto alilohitaji nilikuwa nalo mwenyewe! Sheryl anakoroma kwa mara ya kwanza. Nimelia kidogo. Asante. Asante. Asante.

Jumamosi, 26 Julai
Nesi amefurahi: Atieno ameongezeka uzito. Mama mkwe amerudi kwake. Nitamshukuru vipi mtu kama huyo? Nimepata wazo! Omena zake, wale dagaa wa ziwani, hazikauki kwa mvua hii. Nitampelekea hita! Nimempigia simu kuulizia stoo yake. Haina dirisha, lakini imeshikana ukuta na chumba cha maombi cha pasta. Ukuta wenyewe ni wa udongo, laini kabisa. Nimeshaazima drili.