Vanishi ya Saladi

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Bimkubwa, mwenye duka letu la rangi, katangaza kwamba Alhamisi ya wiki ijayo anasafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Miezi miwili. Funguo za duka atamwachia mmoja wetu, mimi au Brashi. Atatuambia Ijumaa.

Mimi nina miaka kumi na saba hapa. Brashi ana sita na masharubu, na jina kalipatia kwenye hayo masharubu. Sasa kuna cha kujadili hapo? Funguo hizo nazitaka mpaka naziota usiku. Miaka kumi na saba nafika asubuhi nasimama nje kusubiri kufunguliwa, kama mtu aliyekuja kuomba choo.

Tatizo ni kwamba Bimkubwa siku hizi hakaliki. Daktari kamwamuru ale majani kila mchana. Anayatafuna huku kaikazia macho kalenda, na akimaliza hakuna wa kumsogelea. Leo kamwambia Brashi anapumua kwa kelele. (Ni kweli.)

Nimepata wazo. Atakayemfanya ayapende yale majani ndiye atakayeondoka na funguo. Sosi! Sosi tamu ya saladi!

Jumanne, 7 Oktoba

Mke wangu, Mama Pacha, ana chupa ya shira ya mepo kabatini. Ni utomvu wa mti fulani wa nchi za baridi. Wanauchemsha mpaka unakuwa mtamu kama asali, ila mwepesi zaidi, na una kaharufu ka moshi. Dada yangu anayeishi huko ndiye aliyemletea. Mama Pacha kasema chupa isiguswe, wifi yake anakuja Jumapili na itakuwa aibu akikuta tumeimaliza. Nimemjibu kwamba mimi na vitu vitamu wapi na wapi.

Akaenda saluni. Nikaifungua.

Mafuta kikombe kimoja. Siki nusu kikombe. Haradali kijiko, kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi. Shira nilipanga nitie robo kikombe tu. Nikaonja. Nikaongeza. Nikaonja tena, kwa uhakika. Kufumba na kufumbua chupa imebaki kidole kimoja.

Hapo mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi ni mchanganya rangi! Nimeunguza sukari, nikaongeza maji na chai ya rangi iliyokolea, nikalinganisha kwenye mwanga wa dirisha, tone baada ya tone, mpaka chupa ikarudi vilevile. Weka mtaalamu yeyote hapa, hatatofautisha. Nimejipongeza kwa sauti.

Lakini sosi yenyewe inagoma. Mafuta juu, shira chini, hawasalimiani. Nimetikisa mpaka bega limekufa. Mama Pacha kauliza nimefanya nini begani. Nimesema makopo ya lita ishirini. Kanipaka dawa ya kuchua, masikini, kwa huruma kabisa.

Jumatano, 8 Oktoba

Akili zangu wakati mwingine zinanitisha. Dukani si tuna mashine ya kutikisa rangi?

Nimechukua kopo jipya la nusu lita, halijawahi kuona rangi, nikalisuuza kwa maji ya moto, nikamimina sosi, nikalifunga kwenye mashine. Dakika tatu. Nilipofungua, jamani! Laini, nzito, inang'aa. Mafuta na shira wamekuwa kitu kimoja. Nilikaribia kulia.

Nikawaza namna ya kuificha. Brashi hana breki na chakula cha watu. Mwezi uliopita alikula ndizi zangu mbili kisha akanisaidia kuzitafuta. Basi nikabandika karatasi nikaandika kwa mwandiko mzuri: VANISHI, KAHAWIA HAFIFU. Nikaliweka rafuni katikati ya vanishi nyingine. Kesho mchana namwekea Bimkubwa mezani, Ijumaa funguo mfukoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa! Saa sita mchana nimeenda rafuni. Kopo hakuna!

Nikamuuliza Brashi, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kauza vanishi yoyote. Kasema ndiyo, jana jioni, moja tu. Kamuuzia fundi rangi. Fundi mwenyewe ana mafua, hasikii harufu ya kitu. Anapaka mlango wa mbele wa nyumba.

Nikauliza nyumba ya nani.

Ya Bimkubwa! Kataka mlango upendeze kabla hajasafiri.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilipotulia, nikajiuliza swali moja tu la maana. Aliyeuza ni nani? Brashi. Risiti ina mwandiko wa nani? Wa Brashi. Basi mimi nimeingiaje hapo? Nimekula chakula changu chote na nusu ya mkate wake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Bimkubwa kaingia na kopo mkononi, fundi nyuma yake anapiga chafya. Kasema mlango haujakauka tangu jana. Jirani kauegemea, kanasa. Asubuhi kaamka kakuta sisimizi safu mbili, moja inapanda na nyingine inashuka, na mbuzi wa mtu asiyemjua analamba kitasa. Kauliza nani kauza kopo hili.

Brashi kainua mkono. Masharubu yote yamelegea. Kakaripiwa dakika kumi nzima. Mimi nilikuwa napanga misasa kwa utulivu mkubwa. Mwisho Bimkubwa kasema basi, sasa ni wazi funguo ziende kwa nani, akanigeukia, akatia mkono mkobani. Niliziona! Funguo tano na kile kidude chekundu cha plastiki!

Ndipo akanusa kidole chake. Akalamba. Akakodoa macho, akalamba tena. Fundi huwa anamimina kwenye sinia lake, kwa hiyo kilichobaki koponi kilikuwa safi. Bimkubwa akavuta bakuli lake la majani, akamwaga sosi yote, akala amesimama. Akasema hajui kiwanda kimekosea nini, lakini huko kiwandani kuna mtu ana mikono ya dhahabu, na atawapigia simu awape hongera.

Kiwandani! Sifa zangu ziende kiwandani!

Mdomo ukanitangulia. Nikasema ni mimi. Nikaeleza haradali, kitunguu saumu, mashine, dakika tatu. Nikaeleza hata karatasi niliyoibandika kwa mkono wangu, na hakuna aliyeniuliza. Fundi akapiga chafya.

Bimkubwa kasema mtu anayetia chakula kwenye kopo la vanishi, kisha ananyamaza mwenzake akisulubiwa, hawezi kuachiwa duka. Funguo kampa Brashi.

Niliumia. Sitaficha, niliumia sana.

Ila bakuli alilifuta kwa kidole. Katabasamu, mara ya kwanza tangu Agosti. Kaagiza chupa tatu za kusafiri nazo, kabla ya Jumatano, na kakataza nisiguse tena makopo ya duka wala mashine. Nimetembea kurudi nyumbani najichekea. Funguo anaweza kupewa yeyote. Sosi ni ya mtu mmoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Dada kafika. Mama Pacha kamimina shira juu ya mkate wake kwa madaha. Dada kaonja, kasema mti huu inaonekana siku hizi unakunywa chai.

Mama Pacha kanigeukia. Kaniangalia bega.

Bahati nzuri dada kacheka mpaka kakohoa, akatoa begini chupa mpya, kubwa kuliko ile. Mama Pacha kaifungia kabati la nguo na ufunguo kautia kwenye pochi. Wiki hii kila mtu anapewa ufunguo isipokuwa mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Brashi leo kaja nusu saa kabla ya muda. Nilimkuta kashafungua, anasubiri mlangoni, akaniambia nitangulie kuingia. Kijana si mbaya. Nimemsamehe zile ndizi.

Nimejifunza, nakiri. Kosa langu lilikuwa vanishi. Vanishi inanunuliwa! Kwa hiyo asubuhi, Mama Pacha akiwa bafuni, pochi ikiwa kitandani, nimechukua shira ya kutosha chupa tatu. Ya kujazia nimeongeza chumvi kidogo na punje ya karafuu, chai isijulikane. Mashine nimeiwasha Brashi alipokwenda benki. Lita moja na nusu, laini kama hariri. Makopo matatu yapo rafuni mpaka kesho, na safari hii nimeyaandika rangi ambayo haijanunuliwa tangu nianze kazi hapa: KIJANI CHA ZAHANATI.

Brashi karudi na furaha. Kasema kuna daktari kapiga simu, wanakarabati wodi, gari lao linakuja saa kumi kuchukua kila kopo tulilonalo la rangi fulani. Sikumsikiliza ni ipi. Nilikuwa naosha kijiko.