Sigara ya Kumzuia Andendekisye

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu Andendekisye ananuka moshi na viazi, na bado nataka kumla! Wiki ya tatu ya ndoa. Kisha leo, pu! Anasema Jumatatu ijayo anakwenda Madibira kwenye kazi ya mavuno, hadi mpunga uishe. Nimelia hadi machozi yakadondokea mboga jikoni. Ikaja akili. Hapa Uyole wanaume wanashinda shambani kwenye upepo na visigara vinavyozimika ovyo. Nitasokota sigara nene, za majani matupu ya tumbaku ya Chunya, bei ya mkulima. Zikiuzika, mpenzi haendi popote.

Jumanne, 4 Juni

Nimezigandisha kwa uji wa sembe. Wifi Bertha, dada yake mume wangu, kauliza ni sigara au mpini wa jembe. Nikaitupa moja topeni. Nikaikalia. Nikaiwasha. Ikawaka! Wifi akasema kwetu Kilolo tunalea vichaa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni

Meza tumeiweka kando ya gulio. Mteja wa kwanza: baba mkwe! Kwetu Uheheni ungepiga goti, ukasalimia "kamwene", yakaisha. Kwa hawa Wanyakyusa mke wa mtoto hapaswi hata kuonana na baba mkwe. Nikarukia nyuma ya magunia. Mzee akavuta moja, ikamfikisha mchana. Akaomba nyingine. Mimi nimechuchumaa tu, miguu imekufa ganzi. Andendekisye akanirushia kiazi cha kuchoma kwa siri. Nani ana mume kama wangu?

Ijumaa, 7 Juni

Mzee karudi, na kigoda chake. Nikamtuma wifi akamwambie ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya jirani. Mzee akajibu jirani naye ana fimbo. Wapita njia wakamwona anavuta kwenye ukungu na haizimiki, wakagombania zote! Biashara yangu imeshamiri, na mimi nimeishuhudia kupitia tundu la turubai.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshukuru kanisani kwa sauti kubwa, wifi akanifinya. Jioni baba mkwe kanitumia salamu kupitia kwake: mkwe wangu nisiyemwona ana mikono ya baraka. Nikayeyuka. Salamu ikaendelea. Madibira watu wanashinda majini na kwenye upepo, sigara hizi ndizo zinazowafaa. Andendekisye apeleke magunia mawili, akae huko hadi Krismasi. Krismasi! Mume wangu kanibeba juu juu kwa furaha. Anasema kaoa akili.

Jumatatu, 10 Juni

Basi limeondoka naye. Nimelia hadi kondakta akaniuliza nani kafariki.

Lakini nimeona kosa. Zilikuwa fupi! Kuanzia kesho nasokota ndefu kama mkono, moja inamtosha mtu kulima ekari nzima. Nitatuma chache kwa basi, Madibira wakizionja watazililia, na Andendekisye atarudi mbio kuchukua mzigo. Hapo ndipo nitamkamata.

Wifi kauliza, akishachukua mzigo, ataupeleka wapi.

Nimemwambia aache kunivurugia mipango, anipe sembe.