Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Unene wa Nguruwe wa Gaspar

Ndugu Makamu Mwenyekiti ambaye ni shemeji yangu, Ndugu Mweka Hazina ambaye naye ni shemeji yangu ila kwa mke wa pili, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu wa Mpimbwe, ndugu zetu wa Mishamo mlioendesha baiskeli tangu alfajiri, ndugu zetu wa Mwese ambao barabara imewaleta nusu na nusu nyingine mmejileta wenyewe, akina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda, na wote ambao itifaki haikuwaona lakini moyo wangu umewaona: Tuinuane! (Umati: "Juu!")

Mimi Rafaeli, Mwenyekiti wenu wa Ushirika wa Tuinuane, nasimama hapa Kasokola nikiwa na furaha iliyozidi bajeti. Mnakumbuka kiwanda chetu cha kukoboa mpunga kule Mpimbwe, kilichotokana na magunia ya mpunga mliyochanga wenyewe, tena lumbesa, yaliyojazwa hadi kufurika mdomo. (Sauti ya mama: "Lumbesa ya kushonea na kamba!") Kiwanda hicho kimekumbwa na changamoto ya wizi wa wafanyakazi. Mwingine angekimbilia polisi. Mimi nikasema hapana, twende kisayansi, kwa forensic accounting, yaani uhasibu wa kipelelezi unaomfuata mwizi hata akifuta nyayo, kwa mujibu wa strategic framework niliyoiandika kwa mkono wangu kwenye semina ya Dodoma, ile yenye chakula kizuri. (Makofi.)

Mtaalamu wetu, Ndugu Claude, ambaye bado si shemeji yangu, akafanya lifestyle audit, yaani ukaguzi wa maisha, ya mfanyakazi wetu pekee, mlinzi Gaspar. Sote tunajua kwamba pumba ni mali ya mwenye mashine. Ukitaka kumjua anayeiba kiwandani, usimtazame yeye, mtazame mfugo wake. Basi Claude akaenda nyumbani kwa Gaspar, akapima nguruwe kwa kamba, tumbo kwa tumbo, na analysis ikaonyesha wamenenepa kwa asilimia sabini na nane nukta tatu. (Umati: "Duh!" Gaspar, nyuma kabisa, ananyoosha mkono.) Maswali mwishoni, Gaspar. Asilimia kama hizo haziji kwa matembele.

Kwa hiyo leo naomba tumfute uanachama, na majaruba yake ya mpunga yakabidhiwe kwa mtu mwadilifu, ikibidi mimi. (Minong'ono. Suzana, mkewe Gaspar, anasimama: "Mwenyekiti, sasa sisi na watoto tutalima wapi?") Kaa mama, forensic haina huruma, ila chakula cha mchana kipo. (Suzana hakai.)

Kabla hamjapiga kura, mjue mmepata kiongozi wa aina gani. Tangu nishike madaraka, kiwandani hakuna mashine iliyoharibika, hakuna gunia lililolowa, umeme haujakatika hata dakika moja. Kiwanda gani Katavi nzima kina performance hiyo? (Vigelegele.) Forensic! ("Juu!") Mwizi! ("Chini!") Nguruwe! (Umati unasitasita: "Juu?")

Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hashukuru. Namshukuru kipekee Mzee Salvatori, mzalendo anayeendelea kulima mihogo yake kwenye kiwanja cha kiwanda bila kutudai kodi, na namhakikishia kwamba siku tutakapochimba msingi na kununua mashine, atapewa muda wa kutosha kuing'oa. Asanteni sana.

(Mashemeji wanatazama viatu vyao. Gaspar ameshafika mbele, mkono bado juu.)

Haya Gaspar, uliza, kwa kifupi.

(Gaspar: "Shikamoo Mwenyekiti. Mimi ndo nalinda hiyo mihogo, na mzee ananilipa mihogo. Nguruwe wanakula maganda. Nauliza tu, hizo pumba niliziiba wapi?" Kicheko kinaanzia kwa watu wa Mishamo, kinazunguka uwanja mzima.)

Swali zuri, la kitaalamu. Tupige kura. Wanaotaka Gaspar aondoke? (Hakuna.) Wanaotaka abaki? (Mikono ya uwanja mzima, na ya mashemeji.) Vizuri, amebaki, demokrasia imeshinda, shusheni mikono. (Haishuki.) Jamani, nimesema shusheni.

(Suzana: "Bado magunia yetu, Mwenyekiti.")