Uhuru wa Kompyuta ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Makala yangu ya ishirini na tisa mtandaoni imesomwa na watu kumi na mmoja. Wawili kati yao ni mimi, mara moja kwa kompyuta na mara moja kwa simu. Wa tatu ni dada yangu, anayedai huifungua kwa bahati mbaya. Na makala ilikuwa kali! "Kwa Nini Kikokotoo Hakihitaji Intaneti." Dunia haina shukrani.

Habari kubwa leo. Kampuni Kubwa imetangaza kwamba mwisho wa mwezi itaacha kuuhudumia mfumo wake wa zamani, ule ule uliomo kwenye nusu ya kompyuta za mtaa huu. Anayetaka usalama anunue mashine mpya. Mashine nzima! Sawa na fundi cherehani akuambie uzi umemwishia, kwa hiyo kabadilishe mwili.

Jioni kapita shemeji, mume wa dada, kumjulia hali mama. Shemeji ndiye mtunza kompyuta wa ofisi moja ya bima na huvaa kitambulisho shingoni hata siku za mapumziko. Kaniuliza kama bado nipo kwenye ile dini yangu. Nikamjibu kwamba programu huria si dini, ni haki. Kila mtu auone msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, aurekebishe, amgawie na jirani. Akasema jirani yake hataki msimbo, anataka kuchapisha barua. Mama akacheka. Mama yangu mzazi!

Nikiwa naosha vyombo, wazo likanijia. Kompyuta ya mama inatumia huo huo mfumo wa zamani. Nitaihamishia kwenye Mbayuwayu, mfumo huria ninaoutumia mimi. Mkunga mstaafu, miaka sabini na miwili, ana mtoto wa jicho, na anaendesha Mbayuwayu! Makala ya thelathini itajiandika yenyewe. Tarehe 15 kuna kongamano la programu huria na bado wanatafuta wazungumzaji. Shemeji atakitafuna hicho kitambulisho.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kumlainisha mama. Nimemwambia kompyuta yake iko hatarini. Akasema hatari imsubiri amalize kazi yake, halafu ije tu, ataipikia chai.

Kazi yenyewe niieleze hapa, maana makala itaihitaji. Mama alikuwa mkunga miaka thelathini na minane katika wodi moja. Kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwake alimwandika kwenye daftari lake mwenyewe: mama yake nani, siku gani, saa ngapi, uzito gani, na neno moja au mawili pembeni. Watoto elfu nne mia moja na kumi na wawili. Madaftari yakaanza kuoza kwa unyevu, macho yakaanza kufifia, ndipo akaamua kuyanakili kwenye kompyuta kwa herufi kubwa kama matofali. Miaka miwili sasa. Kila daftari likiisha alilichoma uani, kwa sababu anasema siri za leba hazitupwi jalalani. La mwisho kalichoma wiki iliyopita.

Tarehe 22 hospitali inafungua wodi mpya ya wazazi. Majina na tarehe vitachapwa kitabu, na kitabu kitakaa pale mlangoni. Kila mara hubisha hodi watu wazima kuuliza walizaliwa lini, wale ambao vyeti vimepotea na wazazi wamekufa. Mama huwajibu mpaka saa. Wengine huondoka wanalia.

Kesho ana miadi ya macho. Dada atampeleka. Saa sita nzima nitabaki peke yangu na kompyuta.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Mimi si mjinga. Kabla sijagusa kitu nilinakili kila kilichomo kwenye flashi. Nilitumia programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, mistari kumi na minne, inayochukua vyote na kuacha uchafu tu: faili za muda, mabaki, kapu la taka. Nani anayehama nyumba na taka zake? Kisha nikaifuta diski kwa kuijaza sifuri tupu, mara tatu, lisibaki hata doa la Kampuni Kubwa. Mara moja ingetosha. Mara tatu ni msimamo.

Mbayuwayu imeingia vizuri. Sauti haitoki, printa haionekani, na kwa nusu saa maandishi yote yalilala ubavu. Mambo madogo hayo. Mama karudi na bandeji jicho la kulia. Kaangalia skrini kwa jicho moja, kasema imependeza, kama chumba kilichopigwa rangi. Kisha akaenda kulala na maumivu yake. Nimeandika maneno elfu tatu bila kunyanyuka.

Alhamisi, 6 Machi

Wasomaji kumi na saba! Na waandaaji wa kongamano wamejibu. Nina dakika kumi, kabla tu ya chakula cha mchana. Mada: "Uhuru wa Kompyuta ya Mama."

Saa nne mama akaniita, sauti ndogo. Akasema watoto hawapo.

Nikamwambia wapo wote, niliwanakili kwa mkono wangu. Nikamfungulia folda kwa madaha. Picha za harusi ya dada. Barua kwa ofisi ya maji. Orodha moja yenye watoto kumi na tisa, wale ambao alikuwa hajamaliza kuwasahihisha. Nikamwuliza wengine aliwaweka wapi. Akasema kwenye kapu.

Nikamwuliza kapu gani. Akanieleza polepole, kama anamfundisha mkunga mwanafunzi. Leba, kadi ambayo haijakamilika hukaa juu ya meza. Ikishakamilika, mama salama na mtoto salama, huwekwa kwenye kapu lililo chini ya meza, na asubuhi karani huja kulichukua. Kwa hiyo siku ya kwanza alipoona picha ya kapu kwenye skrini alijua ni la nini, hakuna aliyehitaji kumfundisha. Kila ukurasa ulipokamilika, kapuni. Akimtafuta mtu, alilifungua kapu akamkuta. Miaka miwili, na hakupotewa na hata mmoja.

Nikakaa sakafuni.

Mama akauliza kimetokea nini. Ulimi ukajibu wenyewe: kirusi. Kirusi kimeingia kwa sababu ya ule mfumo wa zamani, kosa ni la Kampuni Kubwa. Mama akashusha pumzi. Akasema alidhani ni mimi, na anamshukuru Mungu kwamba si mimi.

Nitamwambia ukweli. Na lile la kapu pia, asije akarudia. Si leo. Leo jicho linamuuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeing'oa diski nikampelekea shemeji ofisini kwake. Nikasema ni ya rafiki, kaifuta kwa sifuri mara tatu. Kaichomeka, kaichunguza dakika ishirini. Kisha akasema hakuna kitakachorudi, na huyo rafiki ameifuta mara tatu ilhali mara moja ingetosha, kwa hiyo ama ni jasusi ama ni mpumbavu. Nikasema jasusi.

Akauliza kama orodha ya mama ina nakala popote. Akakumbusha kwamba mwaka jana alijitolea kumhifadhia nakala mahali salama, nikamkatalia. Kweli nilimkatalia. Nilimwita mpelelezi wa Kampuni Kubwa mbele ya wageni, tena nikasimama juu ya kiti. Leo nikamjibu orodha iko salama salimini. Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu naona ina kona nyingi.

Nimeirudisha diski mahali pake. Skrubu moja imebaki. Sijui ya wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama hakulia. Afadhali angelia. Asubuhi yote alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono mapajani, kama mtu aliyefika kwenye miadi akaambiwa daktari hayupo.

Mchana akaniita, akasema nikae niandike, ataanza kukumbuka. Akafumba jicho lake zima. Mapacha wa mke wa fundi magari, wa kwanza saa tisa kasoro robo, wa pili akakawia mpaka daktari akanuna. Msichana aliyezaliwa kwenye ngazi. Mvulana aliyezaliwa umeme umekatika, wakampokea kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na mfagizi. Mpaka jioni watoto sitini na mmoja. Vidole vyangu vimekufa ganzi.

Katikati yao akanitaja mimi, kwa sauti ile ile. Nilipokewa na mkunga mwenzake, lakini daftari mama aliliandika mwenyewe akiwa kitandani. Mvulana, kilo tatu na nusu, alfajiri. Pembeni: amechelewa kulia, ametutia hofu wote. Nikaandika. Kwa muda sikuziona herufi vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Watoto mia moja na arobaini. Mama hataki kupumzika. Yeye na ule usemi wake: linalowezekana leo lisingoje kesho. Nikafungua mdomo nimwambie la kapu. Mlango ukabishwa.

Mwanamke wa makamo, kashika bahasha. Anataka tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yake alijifungulia wodi ile, akafa miaka mingi iliyopita. Mama akamkalisha, akamshika mikono, akatafuta kichwani kwa muda mrefu sana. Hakumpata. Akamwomba radhi, akamwambia kuna kirusi kimewachukua watoto. Yule mwanamke akasema pole mama, si kosa lako. Akaondoka na bahasha yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilijichukia, nasema kweli.

Habari za ulimwengu: waandishi wa Mbayuwayu wamegombana kuhusu rangi ya mkia wa ndege kwenye nembo. Wamegawanyika. Sasa kuna Mbayuwayu na Mbayuwayu Halisi. Mimi ni Halisi, damu moja. Nimewaandikia kurasa nne za msimamo wangu juu ya mkia. Imenituliza kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Bandeji imetolewa. Mama kasema hakujua kuta zetu ni chafu hivi.

Tumefika mia tatu na sita. Majina yanazidi kuwa mazito kuja. Kuna mwaka mzima ambao ameupoteza, anazunguka nje yake, hapati mlango. Lakini muuguzi mkuu wa hospitali amepiga simu, akasema watachapa watakachopata, hata kama ni kurasa chache.

Kuanzia kesho anataka kuandika mwenyewe. Anasema mimi ni mzito na ninakosea majina ya watu. Kaguna pia kwamba kurasa zote nilizoandika nimeziacha zimetapakaa juu ya skrini, kazi iliyokamilika haiachwi mezani. Nikamwambia asijali. Nilitaka kuendelea na lile la kapu, ila hotuba yangu ilikuwa bado ina dakika ishirini na nane na ninapewa kumi.

Ijumaa, 14 Machi

Mbayuwayu Halisi imetoka! Toleo la kwanza, na tayari limewaacha wale wa mkia wa bluu kwenye vumbi. Wameongeza kitu ambacho Kampuni Kubwa haitakiwaza kamwe: kapu linalojimwaga lenyewe. Kila kompyuta inapozimwa, kapu linasafishwa moja kwa moja, bila kukuuliza maswali ya kijinga. Hakuna uchafu unaobaki. Huu ndio ustaarabu!

Nimeliweka kwenye kompyuta ya mama alipokuwa anaoga. Kesho nitatangaza jukwaani kwamba yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kulitumia.

Kuna jambo nilitakiwa kumwambia mama. Limenitoka.

Jumamosi, 15 Machi

Kongamano. Watu tisa, na wanne kati yao walikuwa wapishi wakisubiri tumalize. Kipaza sauti kikafa dakika ya pili. Nikapaza sauti yangu mwenyewe. Nilieleza uhuru, nilieleza mkia, nilieleza kapu. Kijana mmoja aliandika kitu kwenye karatasi. Baadaye niliiona, alikuwa amechora sandwichi. Hata hivyo alipiga makofi.

Mmoja akauliza mama mwenyewe anasemaje. Nikamjibu ana furaha.

Na kweli! Nimempigia simu saa kumi kutoka ukumbini. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita sijamsikia akicheka, leo kacheka. Amekaa kwenye kompyuta tangu alfajiri na majina yamekuja yenyewe, kaona mpaka nyuso. Ule mwaka uliompotea ameupata, karibu wote. Yule mwanamke wa bahasha naye amempata: Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ya mawe. Jumla mia tano na thelathini na wawili. Hawatoshi, kasema, lakini si haba. Kurasa amezipitia zote, zake na zangu, kasahihisha, kapanga, kaziweka mahali pake. Meza nyeupe pee.

Nikamwambia hongera mama, sasa zima mashine upumzishe macho. Akaizima mashine, simu ikiwa bado sikioni. Nikasikia ndege akilia, tii-tii, wimbo wa kuzima wa Mbayuwayu. Sauti inatoka! Nilijua tu wataitengeneza. Sasa imebaki printa.

Nimekumbuka lile la kumwambia. Ni kuhusu kapu. Nitamwambia kesho, leo ana furaha mno.